Dawa ya Nini? Uhakiki wa Istilahi za Antibiotiki katika Tiba ya Mbwa na Paka

1. Utangulizi

Kazi ya kusanifisha istilahi haimaliziki neno linapoidhinishwa na kuchapishwa katika orodha. Kutoka katika orodha istilahi huingia katika vitabu vya shule, katika kanuni za serikali, na hatimaye katika karatasi ndogo anayokabidhiwa mwananchi pamoja na dawa. Neno ambalo wanakamati wote walilikubali mezani laweza kumpotosha mtu aliyesimama dirishani akingojea dawa, naye asijue kuwa amepotoshwa.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zinazotumika kuelezea dawa za bakteria ambazo madaktari wa mifugo huwaandikia mbwa na paka. Huenda msomaji akauliza kwa nini tumewaacha ng'ombe na kuku, ambao ndio wengi na ndio wenye faida kwa taifa. Jibu letu ni kwamba mbwa na paka hukaa karibu na mtu kuliko mnyama mwingine yeyote. Hulala kibarazani au ndani ya nyumba, watoto huwashika, na dawa nyingi wanazopewa ni zile zile anazopewa binadamu. Aidha, daktari akishaondoka, mwenye mnyama ndiye anayekuwa muuguzi. Huyu hana darubini wala maabara. Chombo chake ni maneno aliyoambiwa na maneno yaliyoandikwa juu ya pakiti. Maneno hayo yakiwa na utata, tiba nayo huwa na utata.

Tuchukue sentensi ya namna ambayo msomaji hukutana nayo mara kwa mara:

"Mpe mnyama wako kiuavijasumu kwa kipimo ulichoelekezwa mpaka amalize dozi, ili kuzuia usugu wa dawa."

Kwa upande wa sarufi sentensi hii haina kosa, na mwalimu wa lugha angeipa alama zote. Hata hivyo, tutajaribu kuonyesha kuwa karibu kila neno zito lililomo ndani yake linaacha mlango wazi wa kuitumia dawa vibaya.

2. "Mnyama wako"

Kiswahili kina majina mengi ya mbwa na paka kwa hali zao: mbwa koko, mbwa wa ulinzi, mbwa wa mawindo, paka shume. Tulichokosa ni jina moja linalowakusanya wanyama wanaokaa na mtu bila kuliwa wala kukamuliwa. Wengine huandika "mnyama wa nyumbani", lakini mbuzi na kuku pia ni wa nyumbani. Wengine huandika "mnyama kipenzi", lakini mbwa anayelinda ghala usiku kucha hakuwekwa pale kwa mapenzi, na paka wa dukani yupo kwa ajili ya panya.

Dhana inayohitajiwa na wataalamu si ya mapenzi. Sheria za dawa hutenganisha mnyama ambaye nyama, maziwa au mayai yake huliwa na yule asiyeliwa, kwa kuwa dawa iliyobaki katika nyama humfikia mlaji. Kwa sababu hiyo tunaona neno "mwandani", yaani mwenzi wa karibu, linafaa zaidi: mnyama mwandani, wanyama wandani. Linamjumuisha mbwa wa ulinzi na paka wa dukani, wala halimlazimishi mtu kudai mapenzi asiyokuwa nayo.

"Daktari wa mifugo" ni istilahi iliyokwisha kukaa, nasi hatupendekezi kuigusa. Lakini kanuni inapoandika "dawa za mifugo" peke yake, mwenye paka husikia ng'ombe, mbuzi na kuku, akadhani kanuni hiyo haimhusu. Waandishi wa kanuni waandike "dawa za mifugo na wanyama wandani" pale wanapowakusudia wote.

3. "Kiuavijasumu"

Neno hili limeundwa kwa utaratibu unaokubalika. Lina ndugu zake katika kilimo, kama vile kiuadudu na kiuagugu, na hatuna budi kuwashukuru waliolibuni. Ila kiuadudu hueleweka mara moja kwa sababu kila mtu anamjua mdudu. Kijasumu ni nani? Msomaji wa kawaida hamjui, bali huisikia sumu iliyomo ndani ya neno. Kwa hiyo mbwa aliyekula nyama yenye sumu ya panya, au aliyeumwa na nyoka, huonekana kuwa ndiye hasa anayestahili kupewa "kiuavijasumu". Dawa hiyo haiondoi sumu hizo hata kidogo, na muda unaopotea kuijaribu ndio muda wa kumwokoa mnyama.

Wengine hukwepa shida hii kwa kuandika "dawa ya kuua vijidudu". Hapa kosa ni la upana. Vijidudu katika lugha ya kila siku ni pamoja na bakteria, virusi, kuvu, na kwa wengine hata viroboto. Dawa hizi huua bakteria au huzuia wasizaliane. Virusi hazivigusi. Mpaka huu ndio kiini cha matumizi mema ya dawa hizi, na ndio unaofutwa na neno "vijidudu".

Mifano ya kliniki inaonyesha uzito wa jambo hili. Paka anayepiga chafya na kutokwa na machozi mara nyingi ameshikwa na virusi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na jumuiya ya kimataifa ya magonjwa ya kuambukiza ya wanyama wandani, iitwayo kwa kifupi ISCAID, unashauri kwamba paka mwenye ugonjwa wa namna hiyo uliozuka karibuni, asiye na homa, asiyenyong'onyea na anayeendelea kula, aweza kuangaliwa kwa muda wa hadi siku 10 bila ya dawa ya bakteria. Paka kijana anayekojoa kwa shida na kutoa damu, mara nyingi hana bakteria katika kibofu. Mbwa anayeharisha ghafla, akiwa bado mchangamfu, kwa kawaida hupona kwa maji na chakula laini, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 unawashauri madaktari wasimpe dawa hizo. Ni vigumu sana kwa daktari kumweleza mwenye paka kwamba hampi dawa ya kuua vijidudu, ilhali amekwisha kumwambia kuwa paka ana vijidudu.

Je, tukopo "antibiotiki"? Katika maandishi ya kitaalamu tunakubali, kwa kuwa neno hili limeenea na halina mshindani anayelizidi. Lakini tusijidanganye kuwa neno la kigeni limebeba nuru ndani yake. Mizizi yake ya Kigiriki ina maana ya kitu kilicho dhidi ya uhai, bila kusema uhai wa nani. Selman Waksman alipolieneza miaka ya 1940 alikusudia vitu vinavyotolewa na viumbe vidogo kuwadhuru viumbe vidogo wengine, na baadaye maana yake ikapanuka hata ikaingiza dawa zinazotengenezwa kiwandani tangu mwanzo. Wasemaji wa Kiingereza nao huomba antibiotiki kwa mafua. Mkopo hautaondoa utata ambao wenye lugha hawajauondoa.

Jawabu limo katika lugha yetu wenyewe. Mwenye mbwa anajua "dawa ya minyoo", anajua "dawa ya viroboto", na hazichanganyi. Muundo huu wa "dawa ya" hutaja adui, na kwa kumtaja humwekea dawa mpaka. Tunapendekeza basi: katika maandishi ya wataalamu, antibiotiki; katika karatasi ya mwenye mnyama, "dawa ya bakteria". Mtu akiambiwa kuwa mafua ya paka wake ni ya virusi, na kwamba dawa anayoiomba ni dawa ya bakteria, hahitaji hotuba nyingine.

4. "Kipimo" na "dozi"

Neno "kipimo" lina kazi mbili. Daktari husema "tumchukulie vipimo", akikusudia uchunguzi wa maabara, kisha husema "kipimo ni nusu kidonge", akikusudia kiasi cha dawa. "Dozi" nalo lina kazi mbili. Kwa mtaalamu laweza kuwa kiasi cha dawa cha mara moja, bali kwa wananchi, dozi ni dawa yote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana husemwa "amekatisha dozi". Mfasiri anayeandika "rudia dozi baada ya saa 12" akikusudia kidonge kimoja hana haki ya kumlaumu msomaji akielewa kuwa aanze upya dawa yote.

Utata huu unaweza kumtia mnyama upofu, nasi hatutii chumvi. Dawa iitwayo enrofloksasini, kwa mujibu wa maelezo yaliyoidhinishwa Marekani, mbwa aweza kupewa kati ya miligramu 5 na 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na paka asipewe zaidi ya miligramu 5. Paka akipewa kiasi cha juu cha mbwa, retina ya macho yake yaweza kuharibika asione tena. Karatasi inayosema "kipimo cha mbwa na paka" kwa pamoja, au isemayo "dozi kamili" bila kutaja miligramu, uzito na saa, ni karatasi ya hatari.

Katika jambo hili tunapendekeza tufuate walikokwisha kufika wananchi. "Dozi" ibaki kuwa dawa yote ya muda wote. "Kipimo" kiwe kiasi cha mara moja. Na kazi ya maabara iitwe "uchunguzi", ili kipimo kisibebe mizigo miwili.

Linabaki agizo la "kumaliza dozi". Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 kuwa dawa chache mno huwafundisha bakteria kustahimili. Onyo hilo ni la kweli, lakini lilizaa desturi ya kuandika siku nyingi kuliko zinazohitajika. Leo mwelekeo ni wa kupunguza siku. Kwa maambukizi ya kibofu ya mbwa yanayotokea mara moja moja, mwongozo wa ISCAID wa mwaka 2019 unataja siku 3 hadi 5. Kwa hiyo agizo lililo sahihi ni "mpe kwa siku alizoandikiwa", na idadi ya siku itajwe. "Mpaka amalize" huacha idadi mikononi mwa ukubwa wa pakiti.

5. "Ulichoelekezwa"

Hapa tunawageukia hasa watumishi wa serikali na wafasiri wa sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Januari 2022, dawa hizi haziwezi kutolewa kwa mnyama pasipo hati ya daktari. Marekani, tangu tarehe 11 Juni 2023, dawa za bakteria zenye umuhimu kwa binadamu zilizokuwa zikiuzwa huria kwa ajili ya wanyama nazo ziliwekwa chini ya utaratibu huo. Tumeona hati hiyo ikifasiriwa "maelekezo ya daktari". Tafsiri hii inaigeuza hati ya kisheria kuwa ushauri. Maelekezo yaweza kutolewa kwa mdomo, kwa simu, au na muuza duka, na mtu ana hiari ya kuyafuata au kuyaacha.

Kiswahili kina neno "cheti", na wananchi husema "dawa ya cheti" pasipo kufundishwa. Tuseme basi kwamba daktari humwandikia mnyama dawa. Alichokiandika ni cheti. Na namna ya kuitumia dawa hiyo ndiyo maelekezo. Mambo haya matatu yana majina matatu, na sheria inayoyachanganya itashindwa mahakamani.

6. "Usugu wa dawa"

Katika sentensi nzima tunayoihakiki, kosa kubwa limo katika herufi mbili za neno "wa". Usugu ni wa nani? Kisarufi, ni wa dawa. Lakini dawa haikubadilika. Ni bakteria waliobadilika. Kwa kuwa maneno hayasemi hivyo, msomaji hujitafutia maana, na maana anayoifikia ni kwamba mwili wa mgonjwa umeizoea dawa. Neno lenyewe linamsukuma huko, kwa kuwa sugu ni ngozi ya mkono iliyokomaa kwa jembe, na ugonjwa sugu ni ule uliodumu katika mwili.

Tazama matokeo yake. Mwenye mbwa hujiambia: "Mbwa wangu hajawahi kupewa dawa hii, basi hawezi kuwa na usugu." Lakini usugu hauko katika mbwa. Aweza kuwapata bakteria waliokwisha kuwa sugu kutoka kwa mbwa mwingine, kutoka katika kliniki, au kutoka kwa mtu. Bakteria aitwaye Staphylococcus pseudintermedius, ambaye kwa kawaida hukaa katika ngozi ya mbwa, ana jamii zilizo sugu kwa penisilini zote na dawa za jamaa yake, na mbwa mwenye vidonda vya bakteria hao huwa hana dawa nyingi zilizobaki. Bakteria sugu huvuka pia kati ya mtu na mnyama, kwa pande zote mbili. Anayeamini kuwa ni mwili uliozoea dawa haoni sababu ya kunawa mikono baada ya kusafisha kidonda.

Nchini Tanzania umeenea usemi "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", kwa kifupi UVIDA. Usemi huu ni mrefu lakini unasema kweli, kwa sababu unamtaja mwenye usugu, na unafaa pale bakteria, virusi, kuvu na vimelea vinginevyo vinapozungumzwa kwa pamoja. Pale panapohusika bakteria peke yao, tuandike "usugu wa bakteria", maana vimelea kwa mwenye mbwa ni minyoo na kupe. Jambo hili si la kubishania herufi tu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu, na kiwango cha juu kabisa kilikuwa Afrika Magharibi. Mbwa na paka si chanzo kikuu cha vifo hivyo, lakini vidonge vyao vinatoka katika ghala moja na vyetu.

7. "Sindano ya kinga"

Istilahi hii haimo katika sentensi yetu, lakini hutamkwa katika chumba kile kile. Mbwa au paka akihasiwa, baadhi ya madaktari humchoma dawa ya bakteria na kumwambia mwenyewe kuwa ni "sindano ya kinga". Kwa upasuaji safi wa namna hiyo, uliofanywa kwa usafi unaotakiwa, miongozo ya leo haioni haja ya kuendelea na dawa baada ya upasuaji. Hilo ni la madaktari. Letu ni hili: kwa mwananchi, sindano ya kinga ni chanjo. Akirudi nyumbani akiamini kwamba mbwa wake amekwisha kukingwa na kichaa cha mbwa, hatampeleka tena siku ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna apataye kupona. Kwa hiyo "kinga" na "chanjo" ziachiwe kazi yake, na dawa ya bakteria inayotolewa kabla ya ugonjwa iitwe "dawa ya tahadhari".

8. Madaraja manne ya Ulaya

Wafasiri wametuuliza namna ya kufasiri madaraja ambayo Shirika la Dawa la Ulaya liliyachapisha mwaka 2020 ili kumwongoza daktari wa mifugo. Daraja A ni la dawa zisizoidhinishwa kwa wanyama, ambazo mnyama mwandani aweza kupewa kwa nadra sana. Daraja B ni la dawa zilizo muhimu mno kwa binadamu, zikiwamo jamii ya enrofloksasini. Zisitumiwe ila dawa za chini zikishindwa, na ikiwezekana baada ya bakteria kuoteshwa maabarani. Daraja C hutumiwa pale daraja D lisipofaa. Daraja D, lenye amoksisilini pekee na doksisaiklini, ndilo la kuanzia.

Kwa daraja B tumeona "zuia". Neno hili ni kali kuliko "epuka" la daraja A, na ngazi inageuka juu chini. "Akiba" lingefaa, lakini Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 lina kundi la dawa za binadamu ambalo jina hilo ndilo lake hasa. Tunapendekeza "bana", kama katika kubana matumizi. Daraja C liwe "angalia", kwa kuwa "tahadhari" tumekwisha kuipa kazi hapo juu. Kwa daraja D wengi huandika "tumia kwa kiasi". Tunaomba waache. Msomaji ataelewa kuwa apunguze kidonge, na kupunguza dawa ndiko hasa daraja hilo linakokukataza. Liwe "tumia kwa busara".

9. Hitimisho

Sasa twaweza kuiandika upya sentensi yetu:

"Hii ni dawa ya bakteria. Haitibu virusi, minyoo wala sumu. Mpe mbwa huyu peke yake, kidonge kimoja kila baada ya saa 12, kwa siku 5. Vikibaki vidonge, usiviweke, wala usimpe mnyama mwingine au mtu. Virudishe kwa daktari. Dawa ikitumiwa ovyo, bakteria huwa sugu, na bakteria sugu huweza kuhamia kwa watu."

Idadi ya kidonge, saa na siku ni mfano tu. Daktari ataandika zake. Sentensi moja imekuwa sita, na wapo watakaosema kuwa istilahi fupi ni bora. Sisi tunashikilia kuwa ufupi ni sifa ya istilahi pale tu isipopoteza mpaka wa dhana. Kosa hili si la wafasiri peke yao. Sisi tunaokaa katika kamati tumezoea kulipima neno kwa uzuri wa muundo wake, na mara chache tumemwuliza mtu mwenye mbwa mgonjwa alielewa nini. Tunapendekeza kuwa kila istilahi ya tiba, kabla ya kuidhinishwa, isomwe mbele ya watu wasio wataalamu, nao waeleze kwa maneno yao watakachofanya baada ya kuisikia.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa madaktari wa mifugo na wauza dawa wanaosikia usemi wa wananchi kila siku, tunawaomba watuletee.